Mhadhiri wa muda na ramani isiyorudi Mukuru

Vyuo vikuu vya Kenya vinawategemea wahadhiri wa mikataba mifupi kufundisha mipango ya mazingira. Kucheleweshwa kwa malipo yao kumejadiliwa sana. Gharama nyingine, inayowaangukia wanafunzi na wakazi wa kando ya mito, haitajwi.

Muhula mpya unapokaribia, matangazo hutoka kwa mtindo uleule. Idara inatafuta wahadhiri wa muda wa mipango ya mazingira. Mwombaji awe na shahada ya uzamili katika mipango ya mazingira, mipango miji au fani inayokaribiana nazo. Mwenye uzamifu atapewa kipaumbele. Awe amewahi kufundisha, na ikiwezekana awe mwanachama wa chama cha kitaaluma. Alete barua, wasifu, nakala za vyeti na majina ya wadhamini watatu. Masomo yenyewe yameorodheshwa chini: tathmini ya athari kwa mazingira, sheria za ardhi, usimamizi wa mabonde ya mito, studio ya mipango. Malipo ni kwa saa, kwa viwango vya chuo.

Aliyewahi kuifanya kazi hiyo husoma tangazo kama hilo akitafuta yasiyosemwa. Nani atalipia basi la kuwapeleka wanafunzi nyanjani? Nani atasimamia miradi yao ya mwaka wa nne, ambayo huanza muhula mmoja na kuisha muhula mwingine? Mitihani ya marudio itasahihishwa na nani baada ya mkataba kuisha? Na pesa zitatoka lini?

Swali la mwisho ndilo linalofika magazetini na bungeni, na lina haki ya kufika huko. Lakini katika fani hii yale matatu ya kwanza yana uzito wake. Mipango ya mazingira hufundishwa mahali fulani: kando ya mto fulani, katika mtaa fulani, kwa watu wenye majina. Mhadhiri anapobadilishwa kila muhula, chuo hupoteza uhusiano na mahali hapo, na uhusiano huo ndio sehemu kubwa ya somo.

Jinsi tulivyofika hapa

Mnamo 2011 Kenya ilikuwa na vyuo vikuu vya umma saba. Kufikia 2013 vilikuwa 22, baada ya vyuo vishiriki vingi kupandishwa hadhi kwa mkupuo. Majengo yalipatikana, wanafunzi wakapatikana, nembo mpya zikachorwa. Wahadhiri hawazalishwi kwa kasi hiyo.

Wakati huohuo mahitaji ya wataalamu wa mipango yalikuwa yakipanda. Idara ya mipango ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianzishwa 1971, na kwa miaka mingi wahitimu wake wengi waliishia wizarani na katika mabaraza ya miji. Sheria ya mazingira ya 1999, ile iliyoizaa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ilifanya tathmini ya athari kwa mazingira kuwa sharti la miradi mikubwa, na kanuni zake za 2003 zikaeleza ni nani anayestahili kuiandika. Kisha Katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikazikataza kaunti hizo kutumia pesa za umma nje ya mpango ulioandikwa. Ghafla kila kaunti ilihitaji mpango wa maendeleo wa miaka mitano, mpango wa matumizi ya ardhi, na watu wa kuuandika. Vyuo vikanusa soko. Kozi zenye maneno "mazingira" na "mipango" katika jina zikaongezeka.

Pengo la walimu lilizibwa kwa wahadhiri wa muda, na kwa kipindi fulani pesa za kuwalipa zilikuwepo. Zilitoka hasa katika karo za wanafunzi wa kujilipia, ule mpango wa Module II ulioanza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1998. Madarasa ya jioni na ya wikendi yalijaa watu wazima wenye kazi zao, idara ikapata pesa yake, mhadhiri wa muda akapata yake, na chuo kikabaki na faida.

Kisima hicho kilikauka baada ya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, wa 2016. Udhibiti wa udanganyifu ulipokazwa, watahiniwa waliopata alama ya kuingia chuo kikuu, C+ na zaidi, walishuka hadi 88,929, kutoka zaidi ya 160,000 mwaka uliotangulia. Mwaka 2017 walikuwa 70,073. Idadi hiyo ilitosha kuingia yote katika nafasi zinazofadhiliwa na serikali, na serikali ikawapeleka wengine hadi vyuo vya kibinafsi. Waliokuwa wakijilipia wakapungua, na karo yao ikapungua nao. Masomo ya kufundishwa hayakupungua. Tangu hapo mhadhiri wa muda amekuwa akilipwa kutoka mfuko usiokuwepo.

Kuna pia sharti lililowabana wengi. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliagiza kwamba anayetaka cheo cha mhadhiri awe na uzamifu, na ikatoa miaka mitano ya kujipanga. Katika fani ya mipango, ambako mtu mwenye uzamili na uzoefu hupata kazi nzuri nje ya chuo, wenye uzamifu ni wachache. Basi mwenye uzamili anayependa kufundisha hujikuta akizunguka vyuo viwili au vitatu kwa mikataba ya muhula, akijaribu kulipia masomo ya uzamifu kwa mapato ambayo hayajafika.

Hata walio na ajira ya kudumu hawako pema. Mgomo wa wahadhiri ulioanza Septemba 2025 ulidumu siku 49, ukidai Sh7.9 bilioni za makubaliano ya mishahara ya miaka ya nyuma. Kama wenye chama, barua za ajira na namba za malipo walingoja hivyo, anayeshika kandarasi ya wiki 14 ataanza kulalamikia wapi?

Saa zinazohesabiwa

Utaratibu wa kulipwa ni somo la utawala peke yake. Mhadhiri hufundisha saa tatu kwa wiki kwa kila kozi. Kila kipindi kinapoisha, mwakilishi wa darasa hutia sahihi karatasi ya mahudhurio. Muhula ukiisha, mhadhiri hutunga mtihani, huusimamia, husahihisha, hupeleka alama, kisha hujaza fomu ya madai. Fomu hiyo hupita kwa mkuu wa idara, kwa mkuu wa kitivo, kwa ofisi ya taaluma, kwa mkaguzi wa ndani, na hatimaye kwa ofisi ya fedha. Kila meza ina sababu ya kuirudisha: sahihi haisomeki, tarehe moja iliangukia sikukuu, nakala ya barua ya uteuzi haikuambatishwa.

Kinachohesabiwa katika fomu ni saa za kusimama mbele ya darasa. Kuandaa mhadhara hakumo. Kusahihisha vitabu 200 vya majibu, na darasa la kozi ya pamoja hufikia hapo upesi, hulipwa kidogo au hakulipwi. Kusimamia mradi wa mwanafunzi ni hisani. Siku ya kwenda nyanjani haina kisanduku chake katika fomu.

Ndiyo maana alama hukosekana. Kila mwanafunzi wa chuo cha umma nchini anaujua ugonjwa huo: unasubiri kuhitimu, unakuta kozi moja ya mwaka wa pili haina alama, unaambiwa umtafute mwalimu. Mwalimu alishaondoka. Pengine alizishikilia alama kwa kuwa hakulipwa, pengine alizipeleka zikapotelea kati ya meza mbili, pengine amebadilisha namba ya simu. Mwanafunzi hubeba mzigo wa ugomvi asioujua.

Kisheria, mhadhiri wa muda si kibarua. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaja kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyechukuliwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mpigo. Huyu hachukuliwi kwa siku, na mwisho wa siku halipwi. Kibarua wa mjengo akikosa ujira wake jioni, kesho haji. Mhadhiri wa muda hurudi wiki ijayo, na ijayo, kwa sababu kuacha katikati ya muhula ni kupoteza hata kile alichokwisha kukifanyia kazi.

Wahenga walimpa mgeni siku mbili za kupumzika, ya tatu wakampa jembe. Mhadhiri wa muda hupewa jembe asubuhi ya kwanza, na shamba haonyeshwi. Huenda hana ofisi, hana anwani ya barua pepe ya chuo, na hapati mtaala kamili bali jina la kozi na aya ya maelezo. Aliyefundisha muhula uliopita hakuacha kitu, kwani naye hakuachiwa kitu.

Jumamosi moja Mukuru

Nimefundisha kwa mkataba wa namna hiyo, katika chuo ambacho sitakitaja. Kozi ilikuwa ya mipango ya mabonde ya mito. Ilikuwa miezi michache baada ya mafuriko ya Machi hadi Mei 2024, yaliyoua karibu watu 300 nchini. Mapema Mei mwaka huo serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi kando ya mito ya Nairobi wahame, ikaahidi Sh10,000 kwa kila familia, na tingatinga zikaingia mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru kubomoa nyumba zilizo ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Sikuona jinsi ya kufundisha somo hilo ubaoni tu. Wanafunzi wakachanga nauli, tukapanda matatu hadi Mukuru, tukashuka hadi Mto Ngong tukiwa na tepu ya kupimia ya mita 50, karatasi na kalamu.

Kazi niliyowapa ilionekana nyepesi: chora mstari wa hifadhi ya mto. Walikuwa na maandishi mawili mkononi. Kanuni za maji za 2007 zilisema ukanda wa hifadhi ni upana wa mto wenyewe, usipungue mita 6 wala kuzidi 30, ukipimwa kutoka ukingo wa juu. Kanuni za ubora wa maji za 2006, zilizo chini ya sheria ya mazingira, zilitaja vipimo hivyohivyo, mita 6 hadi 30, lakini zilianzia kwenye kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa.

Walipima upana wa mto: mita 9. Kundi la kwanza likahesabu mita 9 kutoka ukingoni na kuweka jiwe. Kundi la pili likasonga hadi mita 30, kule tingatinga zilikoishia, ambako vifusi vya mabati na matofali vilikuwa bado chini. Kundi la tatu lilipewa kanuni ya 2006, likakwama. Kiwango cha juu cha mafuriko kilirekodiwa wapi? Hakuna kipimo cha maji karibu, na hakuna ubao.

Mwanafunzi mmoja akaenda kwa bibi aliyekuwa akichambua sukuma wiki mlangoni pake, ng'ambo ya vifusi.

"Shosho, mafuriko ya Aprili yalifika wapi?"

Bibi hakuinuka. Alinyoosha kisu kuelekea ukuta wa mabati nyuma yake. Kwenye mabati, juu kidogo ya kitasa cha mlango, ulikuwepo mstari wa tope ulionyooka kana kwamba umepigwa rula. Chini yake kutu ilikuwa mpya, juu yake rangi ilikuwa ileile ya zamani.

Tukavuta tepu kutoka ukingoni hadi kwenye ule ukuta: mita 43. Nyumba yake ilikuwa nje ya mita 30, kwa hiyo haikubomolewa, na maji yalikuwa yameijaza hadi kitasani. Tukifuata kanuni ya 2006 kama ilivyoandikwa, upana wa mto unaanza kuhesabiwa nyuma ya ukuta huo, na mstari unaangukia mita 52 kutoka mtoni, katikati ya shule ndogo ya chekechea. Mto mmoja, mistari mitatu: mita 9, 30 na 52. Kila mmoja una karatasi ya serikali nyuma yake.

Mjadala uliozuka pale penye vifusi ndio niliokuwa nikiutafuta muhula mzima. Mmoja aliuliza kwa nini amri ilichagua 30. Mwingine akasema mita 52 zingewahamisha watu wengi zaidi bila mahali pa kwenda. Wa tatu, aliyekuwa kimya tangu muhula uanze, akasema ukanda wa upana uleule kila mahali hauwezi kuwa sahihi, kwa sababu ng'ambo ya pili ardhi imeinuka na maji hayakufika popote. Hapo alikuwa ameanza kuwa mpangaji.

Walichora ramani ya mistari hiyo mitatu wakaahidi kumletea Shosho nakala. Katika fomu yangu ya madai, Jumamosi hiyo haikuwa na mahali pa kuandikwa.

Walipokuja wengine

Ramani haikurudi. Muhula uliisha, mkataba wangu ukaisha nao, na kozi ikapewa mtu mwingine, pengine mwenye uwezo kunizidi. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna darasa lililowahi kwenda Mukuru, wala kwamba kuna michoro. Michoro ilibaki katika kompyuta za wanafunzi waliokuwa wakikaribia kuhitimu. Baadaye nilipopita kule kwa kazi nyingine na kumsalimu yule bibi, aliniambia kwamba vijana wengine wa chuo walifika, wakamuuliza maswali yaleyale, wakapiga picha mstari uleule.

"Mnapima, mnapima," alisema. "Sasa mwanangu, mnapimia nani?"

Swali hilo ndilo chuo kinalopaswa kulijibu. Mkazi wa mtaa wa mabanda huhojiwa na watafiti, mashirika, wanafunzi na maafisa wa sensa. Kila anayekuja huanza upya. Kwa mhadhiri wa muda kuanza upya ni lazima, kwani hajui kilichotangulia. Kwa mkazi ni uchovu, na uchovu huo huzaa majibu mafupi, kisha majibu ya kutunga, kisha mlango uliofungwa.

Mukuru hiyohiyo inaonyesha kwamba yapo mambo yanayowezekana pale watu wanapokaa. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, mtaa wenye kaya zaidi ya 100,000. Tangazo hilo halikushuka kutoka mbinguni. Lilitanguliwa na miaka ya utafiti uliofanywa na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, washirika wake na vyuo vikuu vya Nairobi, Strathmore na Berkeley, walioorodhesha nani anamiliki nini, wapangaji wa nyumba wanalipa kiasi gani kwa maji na stima, na vyoo viko wapi. Baada ya tangazo, mashirika zaidi ya 40 yaligawana kazi, na wakazi wakajadili mapendekezo mtaa kwa mtaa. Mpango ule una kasoro zake, lakini wakazi waliweza kuwauliza waandishi wake mwaka wa pili kuhusu waliyoahidi mwaka wa kwanza. Darasa la muhula mmoja haliwezi kuulizwa hivyo.

Na si suala la adabu tu. Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu, uliokusudiwa kuzalisha megawati 1,050. Ripoti ya tathmini ilikuwepo, tena nene. Kilichoiangusha zaidi ni kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo baada ya utafiti kukamilika. Watu wa Lamu hawakupewa nafasi ya kweli ya kuusikia na kuujibu. Wawekezaji waliingia hasara na wanasheria wakapata kazi kwa kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa pili anapaswa kukijua: huwezi kumhoji mtu, ukaondoka na majibu yake, usirudi kumwambia ulichohitimisha. Je, anafundishwa kurudi na nani, kama mwalimu wake mwenyewe harudi?

Wahadhiri wa aina mbili

Itakuwa makosa kuhitimisha kwamba nafasi za muda zifutwe. Zipo za aina mbili, na vyuo vimezichanganya.

Ya kwanza ni ya mtaalamu mwenye kazi yake. Huyu ni mpangaji wa kaunti, mtaalamu wa tathmini aliyesajiliwa na NEMA, au mhandisi wa maji anayekuja jioni moja kwa wiki. Darasa humhitaji kwa sababu analeta yaliyotokea wiki hiyo. Akifundisha mifereji ya maji ya mvua, hatataja kanuni peke yake. Atawaambia kuhusu Mai Mahiu, ambako usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024 maji yaliyokusanyika nyuma ya kalvati ya reli iliyoziba yalifumuka na kuua makumi ya watu. Atawauliza ni mpango gani, wa ofisi gani, ulikuwa na jukumu la kuikagua kalvati hiyo. Kwa mtu huyu malipo ya saa yanafaa; mshahara wake uko kwingine. Tahadhari ni moja: mwenye kampuni ya ushauri hushawishika kuwatumia wanafunzi kukusanya takwimu za mteja wake na kuita kazi hiyo mazoezi. Idara makini huuliza takwimu hizo ni za nani kabla basi halijaondoka.

Ya pili ni ya mwalimu asiye na kazi nyingine. Anafundisha kozi nne katika vyuo viwili, anasimamia miradi bila malipo, na wanafunzi wake hawajui kwamba yeye ni wa muda. Huyu anafanya kazi ya kudumu kwa karatasi ya muda. Mkataba wa saa haukutungwa kwa ajili yake, na kumpa ni njia ya chuo kukwepa kuajiri.

Historia ya vyuo vyetu imejaa ukumbusho wa jinsi nafasi ya mwalimu inavyoweza kuyeyuka. Mwanamazingira Wangari Maathai alirejea kutoka Marekani Januari 1966 akiwa na barua ya kazi katika idara ya zuolojia, akakuta nafasi imepewa mwingine. Alipata kazi ya usaidizi katika anatomia ya mifugo, akapanda hadi kuongoza idara, akapigania wanawake wapewe marupurupu sawa na wanaume. Mwaka 1982 alijiuzulu ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na alipoomba kurudi chuo kilikataa. Akapoteza na nyumba ya chuo. Alikuwa na shahada ya uzamifu na miaka 16 ya utumishi. Miaka saba baadaye alipozuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru Park, aliwafundisha Wakenya mipango ya mazingira kuliko idara yoyote, na hakuwa na kazi chuoni.

Kinachoweza kufanywa muhula ujao

Hazina ya Taifa haitajaza mfuko wa vyuo mwaka huu, na mwaka ujao haitabiriki. Hata hivyo kuna mambo ambayo idara yenye bajeti finyu inaweza kuyafanya.

La kwanza, idara ichague mahali na ikae hapo. Mto mmoja, mtaa mmoja, au bonde moja, kwa miaka mitano au kumi, hata kama wahadhiri watabadilika kila muhula. Kila darasa likute ramani, vipimo na orodha ya watu wa kuzungumza nao, na liache nyongeza yake. Mwenye jukumu la kuvitunza awe mtumishi wa kudumu: fundi wa maabara ya ramani anatosha.

La pili, mkataba wa muda uwe na mstari wa kazi ya nyanjani na mstari wa kusimamia miradi, na saa hizo zilipwe. Chuo kikishindwa kuzilipa, kiseme wazi kwamba kozi hiyo itafundishwa bila kutoka darasani, na bodi ya kusajili wataalamu wa mipango ijue hivyo inapokagua mtaala.

La tatu, anayefundisha kozi mbili au zaidi mihula miwili mfululizo apewe mkataba wa mwaka, wenye ofisi na anwani ya barua pepe. Hiyo bado si ajira ya kudumu, lakini inamwezesha kusimamia mradi wa mwaka wa nne kuanzia pendekezo hadi utetezi, na inamwezesha mwanafunzi kumpata alama zinapokosekana.

La nne ni la bei nafuu zaidi na ndilo linalopuuzwa zaidi. Darasa lolote lisifunge muhula kabla halijarudi mahali lilikopima, kuonyesha ramani na kusikiliza linakosolewa. Safari hiyo iwe na alama zake katika mtihani.

Kwa kijana mwenye uzamili anayetaka kuomba kazi hii, ninamshauri asiikimbie. Darasa hufundisha mwalimu pia, na wapo waliopata nafasi za kudumu kwa kuanza hivyo. Lakini kabla ya kutia sahihi aulize: malipo ya muhula uliopita yalitoka? Nani alifundisha kozi hii, na nitampataje? Wanafunzi wamewahi kupelekwa wapi? Nitasimamia miradi mingapi, na nani ataichukua nikiondoka? Ajibiwe kwa maandishi. Mkuu wa idara asiyeweza kujibu swali la tatu hana habari za kozi yake mwenyewe.

Wanafunzi wanaoketi katika madarasa haya ndio watakaojaza ofisi za mipango za kaunti 47. Watapokea michoro ya majengo kando ya mito, watasoma ripoti za tathmini, wataitisha mikutano ya umma na kuandika muhtasari wake. Kama chuoni walizoea kumhoji mkazi mara moja na kutoweka na majibu, watakuwa wakifanya vivyo hivyo huko, safari hii wakiwa na muhuri wa serikali mkononi.